Makao ya wazee Mombasa: usiulize vitanda vingapi, uliza wanamjua vipi mamako

Mwanzilishi wa uzi

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Uzi ni mrefu, mniwie radhi. Mwezi huu watu watatu wameniuliza kando kando, kwa sauti ya chini kama wanaouliza jambo la aibu: "Mamako umempeleka wapi? Pakoje?" Nimeona bora nijibu hapa mara moja, maana huenda yuko mwingine anayelihitaji jibu na anaona haya kuuliza.

Mamangu ana miaka 81. Ni mtu wa Mji wa Kale, kazaliwa huko, kaolewa huko, katuzaa huko. Ana sukari, na mwaka wa nne huu ana ugonjwa wa kusahau. Amekaa makao mawili. Majina siyataji, na tafadhali msiniulize.

Pa kwanza palikuwa pasafi. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililonipofusha. Vigae vinang'aa, vitanda vipya, televisheni kubwa ukutani, mlinzi getini na daftari la wageni. Nilitoka pale siku ya kwanza nikimshukuru Mungu.

Wazee wa pale waliogeshwa saa kumi na moja alfajiri, wote, ili zamu ya usiku iwakabidhi wenzao wakiwa tayari. Mama anaamshwa gizani, anavuliwa nguo, anamwagiwa maji. Siku nyingine anayemwogesha ni kijana wa kiume. Mamangu tangu abaleghe hakuvuliwa nguo mbele ya mwanamume asiye mumewe. Amesahau mengi, hilo hakulisahau. Akapiga kelele, akapiga na mikono. Kwenye faili wakaandika: "Mkali. Anapiga wahudumu." Akaanzishiwa dawa ya kumtuliza.

Basi akatulia. Akawa analala mchana kutwa kitini au kitandani, ubavu ule ule. Maji hanywi kwa sababu hayuko macho kuyaomba. Jumapili moja nilipokuwa nikimbadilisha kanga nikaona juu ya mfupa wa chini ya mgongo pana weusi uliokoza kuliko ngozi yake, upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Nikapagusa, pana joto na pagumu kidogo. Mhudumu akaniambia ni alama ya kulalia shuka, itaondoka. Haikuondoka. Siku ya nne ngozi ilikuwa imefunguka.

Muuguzi aliyekuja kumtibu ndiye aliyenieleza jambo ambalo kila mwenye mzazi wa kitandani angelijua mapema. Mafunzo mengi yanasema utafute wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huenda usiuone kabisa. Tafuta mahali palipokoza rangi, pana joto kuliko pembeni, pagumu au palipolainika visivyo kawaida. Chini ya mgongo, kwenye nyonga, visigino. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na mto huwekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro.

Nikamhamisha.

Pa pili si pazuri kwa macho. Rangi ya ukuta imebabuka kwa chumvi ya bahari, milango ya vyumba vingine ni mapazia. Metroni alinikalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, na swali lake la kwanza lilinipiga chenga: "Mama, alipokuwa na nguvu zake, saa kumi za jioni alikuwa akifanya nini?"

Nilikaa kimya muda. Halafu nikakumbuka. Alikuwa akikaa barazani akisuka ukili wa mikeka. Miaka yote hiyo namwona na miaa mapajani, chane zimelowekwa kwenye bakuli, akizungumza na majirani bila kutazama vidole vyake. Metroni akaandika. Akauliza anaitwaje na watu, anaogaje, analalia ubavu gani, anaogopa nini, chai yake ikoje. Kule kwa kwanza walimwita "shosho", neno la bara la nyanya, mama hakujua ni yeye anayeitwa, wakasema hasikii.

Sasa niwaambie nilichokiona wiki ya kwanza, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Nilikuwa nimekaa naye chumbani. Nje ya pazia nikaona miguu ya mtu, viatu vya mpira vya kijani, vimesimama. Sauti ya kike ikasema, "Hodi, Bi." Haikuingia. Mama siku ile alikuwa hanijui mimi mwanawe, ameniuliza mara mbili nimetoka kwa nani. Lakini akainua kichwa, akatengeneza kanga kichwani, akajibu kwa sauti ile ile ya barazani kwake: "Karibu, ndoo ndani." Mhudumu akaingia, akamshika mkono, akaamkia, akaitikiwa marahaba, ndipo akasema kilichomleta, kumpima sukari. Siku nyingine nimemsikia mama akijibu, "Leo sitaki mtu." Yule binti akaenda zake na kurudi baada ya robo saa. Hodi ikapigwa upya, mama akamkaribisha.

Mnaelewa? Huyo ni mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu na ugonjwa, na kuna anayempa nafasi ya kusema karibu au hapana ndani ya chumba chake.

Kuoga kukahamishiwa baada ya alasiri, wakati wake wa siku zote. Maji ya vuguvugu, mhudumu wa kike, kanga mbili. Moja inamfunika muda wote, anaoshwa mkono, unakaushwa, unafunikwa, ndipo mguu. Ya pili imefukizwa udi, ndiyo anayovalishwa. Hajapiga mtu tangu siku ile. Dawa ya kumtuliza daktari aliipunguza polepole mpaka akaisimamisha.

Kitanda chake kilikuwa kimeelekea mlangoni, wakakigeuza kumwelekeza kibla. Kwetu ni rahisi, Mombasa na Makka ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo, kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja. Pembeni wamemwekea kisahani cha mchanga safi, siku asizoweza maji atayamamu. Rakaa hazihesabu tena sawasawa, anarudia rudia, na hakuna anayemkatiza. Chumba cha jirani yuko mama wa Kikristo kutoka Taita, Jumapili mhudumu humkumbusha nguo yake nyeupe na kumtolea kiti nje ili azisikie nyimbo za kanisa la jirani.

Na yuko mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini Kilindini, zamu ya usiku kwa miaka mingi. Usiku halali. Hawapigani naye arudi kitandani. Saa nane za usiku utamkuta na koti lake kwenye kiti karibu na mlinzi, na chupa ya chai, wanazungumza habari za meli. Alfajiri analala mwenyewe.

Niulizeni mnachotaka.

Mchangiaji, Likoni

Dada, pole kwa kidonda cha mama, Mungu amponye. Lakini niseme lililo moyoni. Kwetu sisi mzazi hatolewi nyumbani. Tumeamrishwa tusiwaambie hata "uff" wanapozeeka mikononi mwetu, sembuse kuwapeleka kwa watu baki wakaoshwe kwa mshahara. Radhi ya mama iko pale anapolala chini ya paa la mwanawe. Hao wahudumu wawe wema vipi, si damu yake.

Mwanzilishi wa uzi

Kaka yangu, sikasiriki. Maneno hayo niliyasikia kwa ami zangu, na niliyasema mwenyewe kwa miaka miwili.

Ngoja nikueleze nilivyomlea nyumbani. Nafanya kazi, mume wangu yuko safarini, ndugu yangu yuko Nairobi. Msichana wa kwanza wa kumsaidia mama alikaa wiki tatu, wa pili siku tisa. Mama akawa anatoka nje usiku kutafuta nyumba ya babake iliyovunjwa kabla sijazaliwa. Mara moja aliletwa na mtu wa tuktuk, amemkuta karibu na Fort Jesus, hana viatu. Baada ya hapo nikawa namfungia mlango kwa nje nikienda kazini. Nafunga na gesi, naficha visu, namwachia uji na maji. Nikirudi namkuta amekaa karibu na mlango, amejikojolea, ananiuliza amekosa nini mpaka akafungwa.

Sijawahi kuliandika hili mahali popote. Alikuwa chini ya paa la mwanawe. Jioni moja alikataa kula, nikamshika kidevu kwa nguvu, na "uff" niliyomwambia siku hiyo ilikuwa na maneno mengine nyuma yake. Nilijiogopa. Siku ya pili yake nikaanza kutafuta makao.

Sasa naenda siku nne kwa wiki. Nina nguvu za kumkanda miguu na kumsikiliza hadithi ile ile mara kumi. Kwangu hiyo ndiyo radhi ninayoitafuta.

Mchangiaji, Changamwe (mhudumu)

Mimi ni mhudumu wa makao ya wazee, mwaka wa sita. Nimesoma habari ya saa kumi na moja alfajiri nikainamisha kichwa, kwa sababu nimewahi kuwaogesha hivyo.

Nataka mjue inavyokuwa. Pale nilipokuwa kwanza, usiku niko peke yangu na wazee 14. Sita hawajigeuzi. Kila saa mbili niwageuze sita, na kumgeuza mtu mzima peke yako bila kumburuta kwenye shuka ni kazi ya watu wawili. Ukimburuta ngozi inachubuka. Katikati yuko anayeita choo, yuko anayelia. Ikifika saa kumi na moja najua nikikabidhi mzee mwenye nepi iliyolowa nitakatwa mshahara. Nafasi ya kupiga hodi na kungoja ajibu sina.

Sisemi ili nijitetee. Nasema kwa wenye wazazi: mkienda kuangalia makao, ulizeni usiku wako wahudumu wangapi. Nendeni baada ya magharibi, msiende saa nne asubuhi tunapokuwa tumejipanga. Na ulizeni wahudumu wamekaa muda gani. Mahali wanapobadilishwa kila mwezi hakuna atakayejua mama yako analalia ubavu gani. Huruma tunayo, wengi wetu tumelea nyanya zetu, lakini mikono miwili ni mikono miwili.

Hapo nilipo sasa tuko wawili usiku, na kila mmoja ana wazee wake wale wale. Nina mama mmoja ambaye hafungui mdomo kwa mtu mwingine. Nimegundua anataka kijiko akishike yeye kwanza, akione, ndipo anirudishie nimlishe. Ilinichukua wiki mbili kulijua hilo. Mwenzangu angekuja mwezi tu angeandika "anakataa kula".

Mchangiaji, Tudor (muuguzi mstaafu)

Mwanangu wa Changamwe, Mungu akubariki, umesema kweli tupu.

Niongeze ya kitaalamu kidogo, kwa sababu ukarimu bila ujuzi unaweza kuua.

Maji. Miezi hii ya kaskazi jua la Mombasa halina huruma, na mzee hasikii kiu kama kijana. Usingoje aombe. Mpe kidogo kidogo siku nzima, kwa kikombe anachokizoea, uji, supu, hata maji yenye ndimu akipenda. Asiyekunywa hupata kizunguzungu, huanguka, hufunga choo, na hupata maambukizi ya njia ya mkojo.

Na hayo maambukizi ndiyo nataka mnisikilize sana. Kwa mzee yanaweza kuja bila homa na bila kulalamika maumivu. Unaloliona ni kwamba jana alikuwa mzima, leo anaona watu ukutani, anatukana, au amelala hataki kuamka. Nimeona wazee wakiambiwa "uzee umemzidi", wengine wakaletewa mganga, na kumbe ni ugonjwa wa kutibika. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, si uzee. Apelekwe kupimwa. Na wa kuligundua ni yule anayemjua alivyokuwa jana, hapo ndipo naungana na mwenye uzi.

Kulisha: akae wima, si nusu ya kulala. Kijiko kidogo, ngoja ameze, usimzungumzishe na chakula mdomoni. Akimaliza abaki wima nusu saa hivi. Akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti yake ikawa kama ina maji kooni, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo, maana chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni.

Na maumivu. Mwenye ugonjwa wa kusahau huenda asiweze kukwambia anaumwa. Atakunja uso, atashika mahali, atakataa kusimama. Wengi wanaoitwa wakali wana jino bovu au goti linalowaka moto.

Mchangiaji, mwana wa Majengo aliye Uingereza

Nawasalimu kutoka huku kwenye baridi. Nafanya kazi hii hii, makao ya wazee, mwaka wa saba.

Huku England kuna tume ya serikali inayokagua makao na kuandika ripoti wazi mtandaoni, kila mtu asome. Wanauliza mambo matano: ni salama? Huduma inafanya kazi? Watu wanajali? Wanamfuata mzee anavyohitaji? Uongozi ukoje? Halafu wanatoa daraja nne, kuanzia bora sana mpaka isiyofaa. Natamani siku moja mtu wa Kisauni aweze kusoma ripoti kama hiyo kabla hajampeleka babake mahali.

Kwenye mafunzo tulisomeshwa habari za Tom Kitwood, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bradford. Alisema mwenye ugonjwa wa kusahau bado ni mtu kamili, na kinachomwangusha mara nyingi ni namna tunavyomtendea zaidi ya ubongo wake. Alichora mahitaji yake kama ua: faraja, kuwa na mtu wa kumshikilia, kuwa pamoja na wenzake, kuwa na shughuli, kujijua ni nani. Katikati ya ua akaandika upendo. Nilipoona mchoro ule nilimkumbuka nyanya yangu, tulivyokuwa tukimpa mbaazi atoe maganda hata macho yalipokwisha. Hakuna aliyetufundisha, na hatukuona kama ni tiba.

Karatasi huku ni nyingi. Kila mzee ana mpango wake wa huduma umeandikwa vizuri. Lakini nimeona mahali mpango uko kabatini na mzee yuko mbele ya televisheni asiyoielewa. Kwa hiyo ukienda makao usiombe faili tu. Mshike mhudumu unayemkuta kwenye korido, mwambie: "Niambie habari za yule mzee pale." Ukisikia "huyo ana sukari na hatembei," bado hawamjui. Ukisikia "huyo alikuwa fundi wa majahazi, na samaki mwenye miba hataki," kaa uzungumze nao.

Mchangiaji, Kilifi

Naongeza la babangu, fupi. Sisi ni watu wa ndani, Ganze. Mnajua huku mvi zimekuwa kesi, wazee wanaitwa wachawi na kuuawa, wengine wamekimbilia Kaya Godoma kupata hifadhi. Babangu tulimtoa usiku tukamleta Mombasa.

Makao aliyofikia, kila wakitaka kumvua kofia wamwoshe kichwa alikuwa anatetemeka na kujificha chini ya meza. Walidhani ni ugonjwa wa akili. Mhudumu mmoja Mgiriama ndiye aliyeniuliza, nikamweleza: kule kwetu alikuwa akipaka kichwa dawa nyeusi, mvi zisionekane. Tangu hapo anaoshwa kichwa mlango umefungwa, na huyo mmoja tu, na kofia iko mkononi mwake baba muda wote. Kinyozi haji bila mimi kuwepo.

Asanteni. Sikujua nitaliandika hili leo.

Mchangiaji, Mikindani

Pole sana ndugu wa Kilifi. Swali langu ni la pesa. Haya yote ni mazuri, na mamangu anapata zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, kwa mwezi. Kwa hali yetu tufanyeje? Serikali iko wapi?

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu wa Kilifi, nimekusoma mara mbili. Mwambie baba tunamsalimu.

Wa Mikindani, umegusa penye jeraha. Shilingi 2,000 hazimalizi nepi za mwezi, sote tunajua. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na serikali. Zote mbili zimetajwa. Mimi bili tunagawana watu wanne, na mwezi mwingine inatushinda tunaomba muda. Siwezi kukwambia ni rahisi.

Lakini mengi tuliyoyasema humu hayadai makao. Ukimlea mama Mikindani chumba kimoja, hodi unaweza kuipiga. Kanga ya kumfunikia wakati wa kuoga unayo. Saa yake ya kuoga unaijua wewe kuliko metroni yeyote. Mtafutie jirani wa kukaa naye saa mbili tu kwa siku ulale, nakuomba, usifike nilipofika mimi na ule mlango. Na uliza hospitali kuu ya Makadara habari za tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kama ana maumivu ya muda mrefu, usidhani ni ya watu wa saratani tu.

Mchangiaji, Likoni

Dada, nimerudi. Nimesoma ile habari ya mlango nikaufunga huu uzi, nikaufungua tena usiku. Mamangu alifariki 2016 mikononi mwa mke wangu. Leo nimemuuliza mke wangu ilikuwaje. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Alilia sana.

Nisamehe kwa maneno yangu. Ukiruhusu, ningependa kumzuru huyo mzee wa Kilindini. Nami nilikuwa bandarini, huenda tunajuana.

Mwanzilishi wa uzi

Kaka, karibu sana. Njoo usiku, ndipo anapokuwa na raha. Nimeshazungumza na metroni, amesema upite getini useme umekuja kwa zamu.

Na mpe mke wako salamu zangu za dhati.

Mama hajambo. Kidonda kimefunga, pamebaki kovu. Jana nilifika saa kumi, nikamkuta kivulini na miaa mapajani, yule binti wa viatu vya kijani amekaa chini naye akijaribu, chane zinamponyoka. Mama anamrekebisha vidole bila kumtazama. Akaniona, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nikaitika. Akanipa ncha ya ukili aliousuka wiki hii, akaniambia nipime, kuna mtu wa Kuze anaungoja ashone mkeka.

Nikanyoosha mikono nikapima mbele yake, polepole, akihesabu pamoja nami. Pima tatu na mkono mmoja. Akasema bado, mwambie angoje.

Binti kaenda kuloweka chane nyingine.